Mita Nne Kamili

Ofisi ya Vipimo vya Ardhi
Jumatatu, 3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo inanila.

Nilifika salama. Mkuu wangu hakuamini nilipomwambia kwamba vigingi kumi na vinane vilipigiliwa mlimani na wanawake wawili kwa asubuhi moja, tena mmoja wao ana miaka sitini na nne. Akaniuliza kama unatafuta kazi. Nikamwambia unayo, kuta za watu zinakungoja.

Narudia maelezo kwa maandishi, maana siku ile Baba alitukatiza kila neno. Kila kigingi kiko mita nne kamili kutoka kwenye msumari wake wa chuma uliopigiliwa kwenye mwamba. Kila Ijumaa pima kwa utepe, andika kwenye fomu, mwisho wa mwezi mpe muuguzi wa zahanati akivuka mto. Tafadhali vitunze sana. Visimame wima, watoto na mbuzi wasivisogeze. Mradi mzima unategemea hivyo vigingi.

Najua ulicheka nilipokuambia mradi wenyewe ulivyo, lakini ni kweli. Mvua za siku hizi si zile mlizozizoea, miti ya juu imekwisha, na mlima ule una nyumba ishirini na mbili chini yake. Ofisi inataka vitu vitatu vikae meza moja: vipimo vyangu, ujuzi wenu mliouzoea udongo huo, na picha za mchoraji wetu ili asiyesoma namba naye aelewe. Kwa hiyo niandikie unachokijua. Usinifiche hata kama unaona ni upuuzi.

Msalimie sana Baba. Mwambie saa yangu imesimama tena, nitamletea.

Mwanao,
Mpimaji


Nyumbani
Jumamosi, 1 Machi

Mwanangu Mpimaji,

Marahaba. Mgongo haujambo kuliko mwenye mgongo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa sebuleni kwa mwenyekiti, nasubiri ukuta ukauke nipake mkono wa pili. Mke wake anataka rangi ya maziwa. Udongo wa maziwa nautoa wapi mimi?

Fomu hizi hapa. Ijumaa nne, vigingi kumi na vinane, vyote mita nne kamili. Usije ukasema shangazi yako hajui kazi. Mbuzi wa hapa wakiniona na fimbo wanapita njia nyingine.

Umeniambia nisikufiche, basi andika haya. Kwenye shimo lile la mlimani nimechimba udongo wa kuta miaka arobaini, na kabla ya kuchanganya huwa naonja kwa ncha ya ulimi, kama mama alivyonifunza. Siku zote una ladha ya kisu. Tangu Januari hauna ladha. Ukiufinya unakutoroka katikati ya vidole. Chemchemi nayo imehama hatua kumi na mbili, na maji yake ni meupe kama ya kuoshea mchele. Mama alikuwa akiona hivyo hangoji kuambiwa, anakunja mkeka.

Familia nne za safu ya juu nimezungumza nazo, zimenisikiliza, zimebeba magodoro zimehamia kilima cha shule. Baba yako anasema napiga chuku. Yeye mlango wa chumba chake ameuranda mara tatu tangu mwaka mpya na bado haufungi, na lawama zote kwa seremala. Kichwa kigumu kama unavyomjua.

Basi, ukuta umekauka.

Shangazi yako


Ofisi ya Vipimo vya Ardhi
Alhamisi, 20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Vipimo vyako vimemfurahisha Mkuu mpaka amenunua soda kwa ofisi nzima. Amesema hajawahi kuona mpimaji wa kujitolea mwenye usahihi kama wako. Nilijisikia kama nimesifiwa mimi.

Kwa sababu ya vipimo hivyo ofisi imetoa karatasi rasmi: mlima umetulia, wakazi wanaweza kuendelea kukaa. Mimi ndiye niliyeiandika na jina langu liko chini, juu ya muhuri. Nimeituma kwa mwenyekiti na nakala moja kwa Baba, maana najua atafurahi.

Habari ya udongo na chemchemi niliisoma kwenye kikao. Nisamehe, watu walicheka kidogo, na mimi nilicheka nao. Ni mvua tu, Shangazi. Udongo ukilowa hubadilika, milango ikilowa huvimba. Kama mlima ungekuwa unatembea, vigingi ndivyo vingekuwa vya kwanza kusema. Wale uliowahamisha waambie warudi, wasije wakaumwa vifua huko kwenye baridi ya madarasa.

Mchoraji wetu ana swali. Amepata picha za nyumba za zamani za huko, zile zilizopakwa udongo na mama yako. Kila nyumba ina mkanda mmoja mweupe unaozunguka kuta zote, ndani na nje, bila kukatika. Anataka kujua ni pambo la nini, ili auweke kwenye mchoro wake mkubwa.

Mwanao,
Mpimaji


Nyumbani
Jumamosi, 12 Aprili

Mwanangu,

Karatasi yako imesomwa mbele ya watu wote. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa madaha. Baba yako ameitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika juu ya meza yake ya saa, na kila mteja akija, kabla hajasema saa yake ina nini, lazima aisome kwanza. Hata asiyejua kusoma anasomewa.

Nilisimama nikataka kusema juu ya udongo. Kijana mmoja akauliza kama ulimi wangu nao una muhuri. Watu walivunjika mbavu. Nikakaa. Wale wa familia nne wamerudi, niliwaona wakipita na magodoro kichwani, mama mmoja ananitazama kama mtu aliyemwibia. Nikajiambia, wewe mzee, mtoto amesomea, na namba umeandika mwenyewe kwa mkono wako.

Mkanda si pambo. Mama alikuwa anauchora kwa udongo mweupe, anaanzia kwenye kizingiti, anazunguka nyumba nzima, na hainui mkono mpaka aufunge pale alipoanzia. Kila akipita kwenye nyumba aliyoipaka anautazama kwanza mkanda, ndipo anabisha hodi. Watu walipoanza kutaka rangi za madukani wakasema umepitwa na wakati, nikaacha. Mpaka leo sijui alikuwa anatafuta nini pale.

Fomu za mwezi hizi. Mvua hii inanipa kazi, maana sasa hivi kila Ijumaa nakuta vigingi vyako vimelala kama walevi, vingine vimeshuka hatua nzima. Lakini nimekata kamba ya mita nne, kwa hiyo navirudisha vyote mahali pake, navipigilia upya wima kama ulivyosema, ndipo napima. Havijapungua wala kuzidi.

Shangazi yako


Ofisi ya Vipimo vya Ardhi
Alhamisi, 17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido, halafu nikakaa sakafuni, watu wakaniletea maji.

Kigingi kinachosogea ndicho kinachosema. Tulivipigilia ili tuvione vikienda. Ulivyovirudisha kila Ijumaa ulikuwa unanipimia kamba yako, si mlima. Usijilaumu hata kidogo. Nimetafuta nakala ya barua yangu ya kwanza na maneno yapo, kwa mwandiko wangu: visimame wima, wasivisogeze. Mtu yeyote angefanya ulivyofanya. Na mimi nilipoona mita nne kila mahali niliguna moyoni, kwa sababu hata ardhi iliyolala husogea milimita mbili tatu. Nikajiambia Shangazi anaijua ardhi ile kuliko mimi, nani mimi nimshuku. Kumbe wewe nawe ulikuwa unausuta ulimi wako kwa sababu ya karatasi yangu.

Ondokeni. Wote. Leo.

Wakikataa, chora mkanda. Nilimsomea mchoraji maelezo yako, akaziinamia zile picha muda mrefu, akasema huyu mama alikuwa na chombo cha kupimia na sisi tunakiita pambo. Mstari usiokatika kuzunguka nyumba nzima: ukuta ukihama hata unene wa ukucha, jicho la mtoto linaona. Chora kwenye kila nyumba, pitisha kwenye kona na juu ya milango. Ukikatika, usibishane na mtu, toka naye.

Nakuomba jambo moja, na naona haya kuliandika. Usiseme karatasi ilikosea. Sema vyombo vipya vimeleta habari mpya. Mkuu hataki kuifuta mpaka nimpelekee vipimo vya miezi mitatu mingine, ananitishia kamati. Lakini si hilo. Ni Baba. Ameitia kwenye fremu, Shangazi. Usimwambie Baba kwamba nilikosea.

Mwanao,
Mpimaji


Nyumbani
Jumatatu, 21 Aprili

Binti yangu,

Muuguzi amesimama mlangoni na anapiga miayo makusudi, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Shangazi yako amekuja asubuhi na barua anayosema ni yako. Nusu amenisomea, nusu ameikunja akaificha kifuani. Nilipomuuliza mlima umeanza lini kutembea wakati karatasi inasema umetulia, akasema vyombo vipya vimeleta habari mpya. Huku anaangalia chini. Mimi ni fundi saa miaka hamsini. Chombo hakina habari mpya. Saa ama inasema kweli ama ni mbovu, na ikiwa mbovu kuna mtu aliyeifikisha hapo. Sijui nani kakutia maneno kinywani, lakini nahisi ni dada yangu, ambaye tangu Februari anaonja udongo na kuwatia watu hofu.

Majirani wamekuja kuniuliza. Nimewaonyesha ukutani. Nimewaambia binti yangu hajawahi kunidanganya tangu azaliwe. Sasa kwa magoti yangu haya mabovu, nikitoka hapa nimebebwa kama gunia, si nitakuwa nimetangaza kwamba binti yangu ni mwongo? Hilo silifanyi kwa sababu ya matope.

Niandikie mimi, kwa mkono wako. Ulikosea au hukukosea? Ukisema ulikosea nitatoka siku hiyo hiyo, hata kwa toroli, na nitapita kifua mbele, kwa sababu mtu anayekiri kosa lake ni mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa, mteja akachelewa kwenye harusi yake mwenyewe. Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya wakwe. Mpaka leo ananiletea saa zake.

Ukisema hukukosea, nakaa.

Saa yako ilete, nina kioo chake.

Baba yako,
Fundi


Nyumbani
Alhamisi, 24 Aprili

Mwanangu,

Nimechora. Kuanzia Jumatatu mchana mpaka jana jioni, nyumba zote ishirini na mbili, na wanawake sita wakinichanganyia udongo. Wenye nyumba za rangi za madukani walinuna, nikawaambia mtanipeleka mahakamani mkiwa hai.

Jumanne asubuhi mkanda wa nyumba ya juu kabisa ulikuwa umekatika kwenye kona. Upande mmoja uko pale pale, upande wa pili umeshuka unene wa kidole. Yule kijana aliyeuliza habari za muhuri ndiye mwenye nyumba. Alisimama pale na mswaki mdomoni, akaweka kidole kwenye ule mwanya, akakitoa, akaenda kuamsha watoto. Hakuna aliyeuliza tena karatasi. Jana zimehama nyumba kumi na nne. Leo tumemalizia, wote wako kilima cha shule, wanalala kwenye madawati na wanagombania ndoo. Wote ila kaka yangu.

Chumbani kwake nilichora yeye akiwa kitandani ananitukana matusi ya utotoni, mengine nilikuwa nimeyasahau. Leo mkanda wake umekatika vidole viwili. Anasema nilichora huku natetemeka. Wanaume wanne wamekuja kumbeba, mmoja amerudi na nundu ya bakora.

Sasa unisikilize. Uliniomba nisimwambie, nikajikaza siku tatu. Leo nimeshindwa, nimemwambia kila kitu, vigingi, kamba, karatasi. Amenisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe kazi yako ni kuchora. Anayejua kama alikosea ni yeye. Nangoja mkono wake." Na fremu ameipangusa vumbi mbele yangu.

Jana nilipima bila kugusa. Kigingi cha kwanza, mita tano na sentimita sitini. Cha sita, mita saba na kidogo. Kuanzia cha kumi na moja utepe haufiki. Na tangu alfajiri mlima unasaga meno. Watu wanasema ni radi ya mbali, lakini mbingu ni nyeupe kabisa.

Mwandikie. Mwandikie leo hii.

Shangazi yako


Ofisi ya Vipimo vya Ardhi
Alhamisi, 24 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia mchana huu.

Nilikosea.

Karatasi iliyo ukutani si ya kweli. Vipimo havikuwa vya mlima, na nilikuwa na shaka nikainyamazia. Halafu nilipojua, nikamwomba Shangazi akufiche, kwa sababu niliona aibu mbele yako kuliko nilivyoogopa mlima. Hakuna aliyenitia maneno kinywani. Shangazi ndiye aliyekuwa anasema kweli tangu mwanzo, na ulimi wake ulikuwa sahihi kuliko utepe wangu.

Ivunje hiyo fremu, Baba. Toka sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Waambie watu wote binti yako alikosea, sema kwa sauti.

Kesho naitwa mbele ya kamati. Nikitoka tu huko napanda basi, nitakuwa mtoni Jumapili. Barua hii naitanguliza kwa dereva wa basi la leo, ampe muuguzi avuke nayo Jumamosi asubuhi.

Nisamehe.

Binti yako


Kilima cha shule
Jumatatu, 28 Aprili

Mwanangu,

Nakuona kutoka hapa. Umevaa koti la bluu na unatembea ukingoni huku na huko, na kila mara mwanamume mmoja anakurudisha nyuma. Daraja limekwenda, mto umejaa miti na mabati. Kapu la kwenye kamba linabeba dawa na barua tu, wanasema watu watavushwa kesho wakifunga kamba ya pili. Kwa hiyo nakuandikia, usije ukasikia kwa mvuta kamba.

Mlima ulishuka Jumamosi saa tisa mchana. Ulichukua muda ambao mtu anamalizia kunywa kikombe cha chai. Nyumba zote ishirini na mbili. Watu walikuwa huku juu, tukahesabiana mara tatu, hakuna aliyekwaruzika. Baba yako hayupo. Nilimpelekea chakula saa saba, akala nusu, akalalamika chumvi, akaniuliza kama muuguzi amevuka. Nikamwambia mto umemkatalia. Akasema basi nimwache apumzike.

Jana asubuhi tumempata. Tumemzika jana hiyo hiyo, nyuma ya shule, tusingeweza kukungoja. Nimemwosha mimi na mwenyekiti.

Barua yako imekuja na kapu hili leo saa nne, imefungwa, ina jina lake. Nimeifungua kwa sababu hakuna mwingine wa kuifungua. Nimekwenda nikamsomea pale alipo, yote, hata lile neno la ulimi wangu. Vigingi nilivinyoosha mimi, wewe uliandika vinyooshwe, na yeye akakaa kutulindia sisi heshima. Sina jinsi ya kuligawa hilo likatoka mafungu sawa, na nakuomba usijaribu.

Kuna jambo moja ambalo utaulizwa na watu, na najua nawe utaniuliza kesho kabla hata hujaniamkia. Hatukumkuta ndani. Tulimkuta kwenye kijia, kama hatua thelathini kutoka mlangoni kwake. Alikuwa amevaa viatu, amevaa na kofia, na karatasi yako ilikuwa mfukoni, ameitoa kwenye fremu akaikunja mara nne. Kijia kile kinakuja huku shuleni. Kinakwenda pia chooni kwake. Watu hapa wameshakubaliana kwamba alikuwa anakuja kwetu, wanasema aliutazama mkanda akaamini, na wanataka nikuandikie hivyo ili upate usingizi.

Mimi sijui alikuwa anakwenda wapi, mwanangu, na sitakuandikia kana kwamba najua.

Shangazi yako